Jina la Chaki

Kazi yangu ilikuwa kibao.
Chaki mfukoni, kitambaa begani,
makoti mawili mwilini, maana Tukuyu
mwezi wa nne haimwonei mtu haya.
Nasimama mbele ya kamera, natangaza:
*Mgomba wa Nyuma*, sehemu ya kwanza,
onyesho la nne, mara ya saba.
Pa!
Kisha nakimbia nitoke kwenye picha.

Mvua ya Rungwe haijui kusoma.
Ililamba herufi ya kwanza, ikabaki *gomba*,
vijana wa taa wakacheka:
leo tunagomba na nani?

Nimeandika majina mengi ambayo hamtayaona.
*Chumvi ya Kuazima*, sasa inaitwa *Usaliti*.
*Nani Kazima Koroboi*, sasa ni *Usiku wa Kisasi*,
na koroboi yenyewe wameikata.
Sehemu ya sita haikuwa na jina kabisa.
Gwantwa, aliyetunga, alikuna kichwa kwa kalamu,
akaniambia, andika *Sijui Bado*.
Siku tatu nzima niliandika kwa mwandiko wa shule
*Sijui Bado, Sijui Bado*,
na watu wakalia machozi ya kweli
chini ya jina hilo.

Mgomba ulikuwa wa Bibi Tumpale wa Mpuguso.
Tulikodi ua wake, elfu thelathini kwa siku,
naye akapewa sentensi moja aiseme:
*Mkungu haujakomaa, mwanangu. Rudi keshokutwa.*
Aliisema mara kumi na tisa,
na kila mara alinyoosha mkono
akazipapasa ndizi kwanza,
asije akasema uongo.

Dar es Salaam wakakaa kikao.
Mdhamini anauza rangi za nyumba.
Mgomba, alisema, unanuka shamba.
Wakatoka na *Kasri la Machozi*.
Kasri!
Nyumba kubwa tuliyopiga picha ni ya mchungaji,
bati jekundu, vyumba vinne,
na kuku wanalala jikoni.
Wahenga walisema mgomba haushindwi na mkunguwe.
Kuhusu jina hawakusema kitu.

Mhasibu peke yake hakubadilisha.
Kwenye hati ya malipo ya Bibi,
juu ya dole gumba lake la zambarau,
bado imeandikwa *Mgomba wa Nyuma*.
Ndilo jina alilosomewa.
Ndilo alilowatangazia jirani,
na kanisani, baada ya matoleo.

Alhamisi, saa tatu kasoro robo,
dukani kwa Asangalwisye palijaa.
Bibi alikuja na kigoda chake,
karanga za kuchemsha kwenye kanga,
kitambaa kipya kichwani
kana kwamba runinga nayo ingemwona.
Saa tatu kamili ikaingia zeze ya huzuni,
herufi za dhahabu, *KASRI LA MACHOZI*,
na mtu akapaza sauti kutoka nyuma:
Badilisha, hii siyo!
Asangalwisye akabonyeza.
Mpira. Habari. Mahubiri. Mpira tena.
Mtu mmoja akatajirika, mwingine akapona miguu,
mgomba hakuna.
Wakangoja mpaka saa tatu na nusu,
wakamwangalia Bibi kwa pembe ya jicho,
na Asangalwisye akazima.

Wanasema alikunja kanga yake taratibu.
Wanasema hakukasirika.
*Labda haujakomaa,* alisema,
akawapa watoto karanga zilizobaki.

Nilipanda Juni kwenda kumweleza.
Njia nzima nilipanga maneno:
mdhamini, soko, watazamaji.
Nilimkuta nyuma ya nyumba na panga,
ukungu umemfika kiunoni.
*Umechelewa,* akaniambia.
*Ule wa picha nimeukata Jumanne.
Huyu aliyesimama hapa ni mwanawe.*
Akanipa kigoda.
Akaleta mbalaga sahani ya bati, moto unatoka,
nami nikala yote,
na yale maneno
sikumbuki niliyaweka wapi.