Gari Lenye Mioyo Miwili

Zihalirwa ameniwekea karatasi mbili mezani,
akazibana kwa jiwe la ziwa zisipeperushwe na upepo wa Nguba.
Moja ya kununua.
Moja ya kukodi, miezi thelathini na sita.
Katikati, chai yangu inapoa.

Nje gari limesimama, jeupe, limetoa kifua,
linakunywa petroli na linakula umeme.
"Lina mioyo miwili, Mama Nabintu.
Mmoja ukichoka, mwingine unapiga."
Mimi ninao mmoja tu, na huo
umepanda Kadutu miaka ishirini na miwili
na makatoni ya dawa, kwanza kichwani, baadaye pikipiki.

Nalihitaji, hilo halina ubishi.
Barabara ya Walungu mwezi wa kumi na moja haimjui mtu.
Mwaka jana insulini ya wagonjwa sita iliharibikia njiani,
tairi limezama,
na mwenye gari ananidai nyongeza
kwa sababu alishuka kusukuma.

Swali ni jina la nani litaandikwa.

Fundi Cirhuza, niliyekuja naye, amelala chini ya gari muda mrefu.
Anatoka na majani mgongoni:
"Injini ya petroli naijua kama mke wangu.
Hiyo nyingine, sijui hata kwao ni wapi."
Betri ina garanti ya miaka minane,
iliyoandikwa kwa lugha ya nchi isiyo na matope.

Na umeme? Ruzizi tunaisikia ikinguruma pale bondeni,
lakini kwangu umeme huja saa nane za usiku
kama mume mlevi,
na kabla hujamuuliza alikotoka, ameshaondoka.
Nimeandika juma zima kwenye daftari la madeni:
Jumatatu saa tatu. Jumanne hakuna.
Jumatano usiku kucha, jirani walikuwa na msiba.
Moyo mmoja wa gari hili utafunga saumu.

Mama yangu alinunua.
Kiwanja Kadutu, mihuri myekundu, sanduku la bati.
Usiku mmoja wa mvua udongo ulichoka kutubeba,
nyumba ikashuka hatua kumi na mbili
hadi uani kwa akina Balagizi,
kufuli bado likiwa mlangoni.
Hati zilikuwa kwa shangazi, kavu kabisa.
Hadi anakufa alisema: nyumba ni yangu,
ardhi ndiyo iliyohama.

Tangu hapo mimi ni mtu wa kupanga.
Nimepanga nyumba, nimepanga duka,
hata viti vya harusi yangu vilirudi kwa wenyewe asubuhi.
Cha watu hakikulizi.
Lakini risiti za duka zimejaza makopo matatu ya maziwa,
na ghorofa ya pili ya mwenye nyumba,
ile yenye vigae vya buluu,
ni mimi.

Nasoma ya kukodi tena, kidole chini ya kila mstari.
Mia sita kwa mwezi. Mkwaruzo una bei yake.
Kilomita zikizidi, zina bei yake.
Kifungu cha tisa: gari lisitoke kwenye lami.

Nacheka hadi mlinzi anageuka.
Zihalirwa, ndugu yangu,
lami ndiyo iliyotoka kwetu.
Sisi tuko palepale.

Anainua jiwe. Anasogeza ile nyingine,
ananipa kalamu yake ya harusi na mikutano.
Akiba yote, dola kwa dola,
ada ya Mugisho ya mwaka wa mwisho ikiwa humo ndani,
na nguo niliyojinyima, na jino nililoling'oa badala ya kulitibu.

Mvua inaanza, kubwa kubwa, juu ya mabati.
Naiweka kalamu chini.
"Kuna tatizo, Mama?"
Hakuna. Ngoja inyeshe hadi iishe.
Nataka kuona kwanza
kama litabaki pale lilipo.