Vidole Viwili

Kwanza Singano alipima kwa mkono:
vidole vinne viliingia kati ya tairi na madgadi,
vinne na nafasi ya pete.
"Unataka vingapi?"
Nikasema viwili.
Akacheka kwa pua, akavuta jeki.

Springi zilifika Kange na basi la usiku,
nyekundu, fupi, boksi limefungwa kamba ya katani.
Laki tatu na nusu,
miezi minane ya kupeleka walimu Pongwe na kuwarudisha.
Shangazi Mwantumu alizigeuzageuza kama anayechagua mihogo.
"Ndizo hizi? Ungeniambia mapema,
ningekupakilia magunia matatu ya machungwa ya Muheza,
gari lingeshuka bure."

Pale Barabara ya Kumi na Tatu,
chini ya bati linalovuja jua,
Singano alizibana zile za zamani kwa vyuma viwili,
nati kwa nati, kulia kidogo, kushoto kidogo.
"Simama huku. Hii si chuma tu.
Ina miaka kumi na tisa ya kubebeshwa na kunyamaza.
Ukiikosea, itasema yote mara moja."
Nikasogea.
Nilimfikiria mama.

Wapo wanaozikata kwa grenda:
cheche, dakika tano, elfu ishirini.
Singano hataki kusikia.
"Kanzu ndefu hupindwa," anasema, "haichanwi kwa meno."

Mchana ukaliwa na boliti moja yenye kutu.
Ikanyweshwa mafuta ya taa, ikagoma,
ikanyweshwa tena, ikatukanwa, ikakubali.
Saa kumi jeki ikatolewa.
Gari likakaa
kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa
na hakuona haja ya kusimama.

Vidole viwili.
Nikalizunguka mara tatu.
Weupe wake ni uleule, mkwaruzo wa mlangoni uleule,
ila sasa lilikuwa na siri na barabara.
Vijana wawili wa baiskeli wakasimama, mguu mmoja chini.
Mmoja akasema, "Limetulia."
Mimi mwenyewe sijawahi kusifiwa hivyo.

Kisha nyumbani, Makorora,
na lile tuta.

Nililisahau. Au nilijisahaulisha.
Tulilijenga wenyewe mwaka juzi, mifuko minne ya saruji,
wiki moja baada ya Mwanasha, bintiye Mwakame,
kurushwa na gari lililokuwa likiwahi futari.
Halikuwa langu.
Lakini mwezi ule nami nilipita hapo kila magharibi
kwa mwendo uleule,
na mtaa ulijua,
na hakuna aliyesema.
Nikachangia mfuko mmoja.

Krrr, likalia tumbo la gari.
Nikarudi nyuma.
Milango ikafunguka kusikiliza.

Ndipo alipokuja, miaka tisa,
mguu wa kushoto ukichelewa nusu hatua,
akainama, akachungulia chini ya bampa
kama fundi aliyelipwa.
"Usije moja kwa moja. Kata. Njoo mshazari.
Tairi moja kwanza."
Nikakata.
"Polepole."
Nikaenda polepole.
"Polepole, nimekwambia!"

Singano ameniwekea springi ndefu kwenye kiroba.
Anasema nitazirudia, wote huzirudia
mvua za masika zikishachimba.
Huenda.

Kwa sasa, kila jioni nikifika pale
nazima redio, nashusha kioo.
Asipokuwepo namsubiri.
Anatangulia mbele ya boneti, mkono juu,
kwa mwendo wake,
nami nyuma yake kwa mwendo huohuo,
na kati ya chuma na saruji
panabaki vidole viwili,
siku nyingine kimoja.