Mkono katika Picha Nambari 4417

Saa mbili na robo asubuhi, Ruwi, ghorofa ya tisa,
kiyoyozi kinanipiga kisogoni
na agizo limeshafika kutoka idara ya masoko:
picha ya sinia la tende, iwe mraba,
nyuma pawe peupe, rangi ipashwe moto kidogo,
"na huo mkono uondoe."

Mimi ndiye mlinzi wa ghala lisilo na mlango.
Humo mna picha elfu sitini na ushei,
tende, mitende, makopo, wakubwa wakikata utepe,
na kila moja naweza kuipa miili mingi:
mdogo wa simu, mrefu wa bango la barabara ya Barka,
mwembamba wa kukaa juu ya barua,
wa kijivu kwa ajili ya gazeti siku za msiba.
Nabofya, inazaa. Nabofya, inazaa.
Mama yao habadiliki; amelala chini kabisa ya ghala,
hajui hata wanawe wamevaa nini.

Nakuza. Asilimia mia tatu.
Mkono ni wa Shofikul, wa kiwanda cha Samail.
Namjua kwa kucha ya gumba iliyopasuka katikati
kama kokwa ya tende.
Siku ile mpigapicha alimwambia: shika sinia, usitetemeke.
Hakutetemeka. Alilishika dakika arobaini
huku sisi tukibishana kuhusu mwanga.

Napitisha brashi. Programu inajaza yenyewe,
inakisia meza ingekuwaje kama pasingekuwa na mtu.
Inakisia vizuri.
Hilo linanitia baridi kuliko kiyoyozi.
Sinia sasa linaelea,
ila kivuli cha mkono kimeng'ang'ania juu ya tende tatu.
Nacho nakifuta.

Nyumbani Mabela kuna picha nyingine.
Tabora, uani kwa babu, mama ana miaka kumi na tisa.
Upande wa kushoto umekatwa kwa mkasi wa kushonea,
ukingo umeyumba pale karatasi ilipogoma.
Aliyekatwa kaondoka na uso wake, gauni lake, viatu vyake,
akasahau vidole vinne
begani kwa mama.
Nilipouliza, udogoni, mama alisema, "Hao watu wa zamani,"
akaenda jikoni kutazama wali.
Siku hiyo hatukupika wali.

Mwaka jana niliileta kazini kwa siri, nikaipitisha kwenye skana,
nikaiambia programu: panua kushoto, jaza.
Ikanipa mwanamke.
Mzuri, laini, meno kamili,
mtu ambaye hakuna aliyewahi kugombana naye.
Nikahesabu vidole vya mkono ule, vikawa sita.
Nikamfuta, na mara hiyo moja
nilifurahia kufuta.

Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu.
Hawakutuambia tuufanyeje huu tunaouweza,
kwa kidole kimoja, kabla ya chai.

Saa nne kasoro. Masoko wameridhika.
Wameandika: "Safi sana."
Nafungua historia ya 4417,
toleo la saba, la sita, la tano,
nashuka kama mtu anayeshuka ngazi gizani, kwa kupapasa,
mpaka mkono unarudi, na kivuli chake, na kucha.
Kwenye kisanduku cha maelezo, kisichosomwa na yeyote,
palipoandikwa sinia, tende, khalas, kiwandani,
naongeza jina lake lote, kwa herufi zilizo sawa.
Nilimpigia simu kumuuliza.
Alidhani amefanya kosa.

Leo jioni nitamuuliza mama tena.
Jina tu.
Mkasi sitautaja.