Hapa na Pale

Saa moja kasorobo, baada ya matangazo ya vifo, kabla ya mpira,
redio inaitandaza nchi nzima juu ya cherehani yangu
kama muuza vitenge asiye na haraka:
siku tano, kuanzia kesho.

Lodwar, jua kali, nyuzi thelathini na sita.
Huko yuko Kadenge, mlinzi wa ghala.
Hajapiga simu tangu mwezi wa saba,
basi namshona kwa nyuzi hizo:
leo shati liko begani, leo kiatu kinamchoma.

Nyahururu, baridi, na ukungu asubuhi.
Mbeyu kaolewa huko, kwa watu wa viazi.
Nilimfungia leso tatu. Akasema, Mama,
huku leso hufunikia unga, si mtu.

Garissa, kavu. Marsabit, upepo.
Huko sina mtu, ila nasikiliza;
upepo wa wenzio nao ni upepo.

Kisumu, radi na mvua ya mawe jioni.
Tunacheka sisi wa Kisumu Ndogo, Malindi,
na nguo tunaanua vilevile:
radi haijasoma, huenda ikafuata jina.

Kisha msomaji anakohoa, anageuza karatasi,
na pwani inapewa pumzi iliyobaki:
manyunyu hapa na pale.
Basi. Mpira.

Hapa wapi? Pale wapi?
Jumatatu Fundi Nzaro aliangusha makuti ya zamani,
wakashuka panya, na nge mmoja mwenye hasira.
Akala wali, akaenda Kakuyuni kutafuta mapya,
akaniachia boriti na neno moja:
vuli ya mwaka huu ni ya mdomoni tu.
Leo siku ya tatu. Unga uko kwa jirani.
Cheti cha kifo cha baba yao nimekivika nailoni.
Kitanda kinakwenda na turubai, turubai halitoshi kitanda.

Pale na iwe Mambrui. Inyeshe Mambrui, sina kinyongo.
Lakini na wao wa Mambrui wamekaa na redio yao
wakisema, pale ni Malindi.

Usiku nikalala nikitazama
vyote nilivyofichwa na paa miaka kumi na tisa.
Saa tisa, tone. Gotini. Moja.
Nikangoja la pili kama mtu angojaye chenji.
Likaenda kulia kwenye bati la jirani,
na goti likakauka.

Asubuhi simu ikaita, sauti ina vumbi:
Mama, nimesikia huko kuna manyunyu.
Makuti ulishabadilisha?

Kumbe naye husikiliza mpaka mwisho,
mpaka ule mstari wetu mfupi.
Nikatazama juu. Wingu moja, la rangi ya sufuria,
limejikalia katikati ya boriti mbili
kama fundi aliyerudi.

Nikamwambia, hapa shwari, mwanangu.
Hayo ni ya pale.