Alama ya Sikio

Sampuli ya kwanza iliingia Jumatatu:
mililita moja ya damu, kifuniko cha njano,
jina, Mtoto wa Yaledi. Kilo moja na nusu.
Hawakuwa wamempa jina bado.

Kiatamizi kilivilea vimelea vyake usiku kucha
kwa joto lile lile la kifua cha mama.
Asubuhi sahani ina vitone vya waridi, vinono, vinang'aa.
Nikagusa kimoja kwa kitanzi cha waya, nikavuta juu.
Kikafuata, uzi mrefu usiokatika,
kama mlenda wa bibi yangu kule Bahi
unavyokataa kuachana na tonge la uwele.
Tangu siku ile mlenda sijaula.

Wa pili, Jumatano.
Wa tatu, sahani yake ilipoota
kitanda chake kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Waridi, waridi, waridi. Lakini rangi si ukoo.
Ng'ombe wekundu Bahi ni wengi.
Baba hakutazama rangi; alishika sikio,
akapapasa mapengo: mkato mmoja mbele, miwili nyuma.
"Huyu wa kwa Chilewa. Kapotea toka Ijumaa."

Nami nikapapasa.
Nikapasua vimelea, nikatoa nyuzi za urithi,
nikazikata kwa kimeng'enya, nikaziswaga ndani ya jeli,
umeme nyuma kama fimbo,
fupi zikitangulia, ndefu zikikokota miguu.
Chini ya taa ya zambarau: safu tatu,
kila safu mistari kumi na mmoja.
Sikio moja.

Basi zizi liko wapi?
Tukapangusa vitasa, mizani, mirija, viganja vya wauguzi
(na vyangu; usiku ule sikulala).
Namba ishirini na sita ilitoka kwenye ndoo,
ile ya bluu yenye koki, mlangoni pa wodi,
maana bomba la Dodoma hutoa maji Jumanne na Jumamosi,
na sista Nyemo aliinunua kwa mshahara wake,
akaandika ubavuni kwa wino mzito:
NAWA KWANZA.

Mistari kumi na mmoja.

Ripoti nimeiandika mara nne.
"Chanzo: chombo cha maji."
Aliyekinunua sikumtaja. Hapakuwa na kisanduku cha kumjaza.

Alisoma amesimama. Akarudia.
Akaibeba ndoo hadi nje, akaimwaga,
na ardhi, jinsi ilivyo huku kwetu, ikanywa yote papo hapo.
Akabaki pale, vidole amevitanua mbali na nguo,
hajui akavioshe wapi.