Mizani Imezidi Moja

Chaki iligawa dawati letu katikati.
Mimi ndiye niliyechora, nakiri:
huku kwangu, kule kwa Mwantumu.
Kila asubuhi nikiupuliza ule unga mweupe
uliodondoka mikononi mwake
kama mtu anayepuliza jivu la jiko la jirani.

Makorora, Februari. Bati linalia ta, ta.
Sisi tunatota jasho,
yeye mkavu kama ukuni,
uso umemwiva, macho yamekuwa mazito,
anaomba ruhusa ya kwenda bombani
na Mwalimu Shekiondo anauliza, Tena?
Tena.
Nyuma mtu anasema kwa pua:
Kenge anataka mto.
Nilicheka. Si sana.
Lakini nilicheka.

Ijumaa, mstarini, kucha zimeshakaguliwa,
akaomba kusema.
Alikuwa amelivua lile sweta la mikono mirefu
ambalo hata joto halikuwahi kumvua,
mikono ikabaki peupe, vipande vipande,
kama tope la jaruba la chumvi lililokaukiwa,
lakini inang'aa, imekolea mafuta ya nazi
hadi harufu ikatufikia sisi wa mstari wa nne
na njaa ikaniuma, nikamkumbuka bibi na mkate wa kumimina.

"Hii inaitwa iktiosisi," akasema.
"Daktari wa Bombo aliniandikia nyuma ya kadi.
Semeni."
Tukasema. Jina lilikuwa refu kwa darasa la kwanza,
wakalikamata mkiani tu:
sisi, wakaimba, sisi, sisi,
mpaka kengele ikagongwa wanyamaze.

"Ngozi zenu hutoka usiku, hamzioni.
Asubuhi mnazifagia mkidhani vumbi.
Yangu huchelewa kutoka, basi.
Haiambukizi. Mama amenikanda miaka kumi na moja,
njooni nyumbani mtazame viganja vyake."

Kisha akakunjua karatasi.

*Ngozi yangu mkaidi, haitaki kuniaga,*
*Kila siku inazidi, ya jana sijaibwaga,*
*Jasho hata likibidi, halina pa kujimwaga,*
*Nipeni maji ya baridi, msikimbie kwa woga.*

Mwalimu Shekiondo, ambaye kwake shairi ni hesabu,
alikuwa akihesabu kwa vidole kando ya paja.
Nane, nane. Nane, nane. Nane, nane.
Akakwama.
"Mstari wa mwisho, Mwantumu, umezidi mizani moja.
Toa hiyo *ya*. Maji baridi."
Mwantumu akaitazama karatasi kwa muda,
akaitazama mikono yake.
"Iache, mwalimu. Hata mimi nimezidi."

Hakuna aliyecheka, halafu tukacheka wote,
na yeye wa kwanza.
Kombo wa darasa la tatu akanyosha mkono:
Ukioga baharini, chumvi inawasha?
"Inawasha kama pilipili. Nafumba macho, naoga."
Akaridhika, akakaa chini, ingawa tulikuwa tumesimama.

Lile jina halikufa siku ile.
Lilihamia chooni, likaandikwa ukutani kwa mkaa,
nami naujua mwandiko, wala si mgeni kwangu.
Ila Mwalimu Shekiondo hakuuliza tena, Tena?
Akiona macho yale yamekuwa mazito
alielekeza mlango kwa kidevu, akaendelea na sehemu na desimali.

Mstari wangu wa chaki sikuufuta.
Ningependa kusema niliufuta.
Ulifutika wenyewe, kwa viwiko, kwa mafuta,
kwa kuazimana kifutio,
na siku moja nikautafuta nisiuone.

Daftari langu la hesabu ninalo bado.
Ukurasa wa kumi na saba
pana alama ya kidole chake, ya mafuta ya nazi,
aliponionyesha nilipokosea.
Wakati ule niliichukia, nikaupaka ukurasa poda ya mama.
Haikutoka.
Karatasi pale imekuwa kama kioo:
nikiinua kwenye mwanga naona, upande wa pili,
hesabu iliyofuata,
ile niliyoipata.