Daftari la Tisa

Daftari la kwanza lilikuwa na jalada la twiga.
Nililinunua Makoroboi mwaka nilipofungua duka la dawa hapa Kirumba,
na kila ukurasa wake ulikuwa unakohoa.

Mwana wa Nyanjige, miaka miwili, dawa ya maji, chupa moja.
Mwana wa Bugumba, miezi tisa, mseto.
Homa, kuhara, homa, homa, masikio.
Akina mama walisimama dirishani
viganja vikinuka dagaa wa Mwaloni,
na swali lao lilikuwa moja:
"Nimpe kabla ya uji au baada?"

Swali hilo nililiweza.

Hili la sasa ni la tisa. Jalada limeliwa na panya.
Homa zimepungua, namshukuru Mungu na vyandarua,
ila wanaokuja siku hizi hawabebwi mgongoni.
Wanakuja wenyewe, magharibi, sweta juu ya beji ya shule,
wanajifanya kusoma bango la uzazi wa mpango
mpaka wateja waishe.

Mmoja anataka rangi mbili,
mbili tu, si dozi, hela imeishia hapo.
Mwingine anataka "ile ya kukesha, dada, mtihani wa mkoa wiki ijayo."
Namfukuza.
Namsikia akicheka na mwenzake, wanavuka barabara
kwenda kwa Lugata, asiyefukuza mtu.

Na yupo Kashinje.
Miaka kumi na sita. Cheti cha Bugando
kimekunjwa na kukunjwa mpaka kimekuwa kama tikiti ya meli.
Kidonge kimoja kila asubuhi, dawa ya huzuni.
Nilipofungua duka sikuwa na rafu ya huzuni.
"Mama asijue," alisema, akihesabu sarafu mara mbili.
Nikaandika umri. Nikaandika idadi.
Penye jina nikaacha mstari mtupu,
mimi niliyewahi kuandika hapo "mwana wa Nyanjige"
bila hata kuinua kalamu.

Leo asubuhi amekuja mwenyewe, Nyanjige, na kapu tupu.
"Vyeupe," akasema. "Chini ya godoro."
Hakuuliza ni vya nini.
Aliangalia mizani yangu ya watoto, ile yenye kutu,
akaigusa sindano yake ikatikisika, ikarudi sifuri.
"Vile vinanywewa kabla ya uji au baada?"

"Baada," nikasema.

"Basi nitaamka mapema."
Hakununua kitu.